Umesikia Wapi? Somo la Habari za Mtaani kwa Vikundi Vyetu

 

Katika toleo lililopita tuliongea juu ya daftari la mweka hazina, na wengi mlituambia kwamba somo lile liliwasaidia. Leo tunaingia katika jambo ambalo haliandikwi katika daftari lolote, na hata hivyo linaweza kuvunja kikundi upesi kuliko pesa zilizopungua. Jambo hilo ni habari. Hatusemi habari za Nairobi au za ng'ambo, hizo zina wenyewe. Tunasema habari za hapa kwetu: za steji, za sokoni, za foleni ya zahanati, za matanga, za kwenye poshomili, na siku hizi zile zinazotumwa kwa simu na mtu ambaye naye alitumiwa na mwingine.

Kabla hamjaendelea kusoma, tafadhali mwenyekiti asimamishe kwanza. Kila mmoja aseme habari moja ya mji aliyoisikia wiki hii, na aliisikia kwa nani. Katibu aandike. Halafu kila habari iulizwe: nani hapa aliona jambo hili kwa macho yake? Tulifanya zoezi hili na kikundi kimoja cha upande wa Mwatate. Zilitoka habari kumi na tisa. Zilizokuwa na shahidi mle ndani zilikuwa nne tu, na moja kati ya hizo nne ilikuwa habari ya ng'ombe aliyeingia dukani, ambayo sote tuliifurahia lakini haikuwa na faida kwa mtu.

Wakati mmekwisha cheka, someni sasa yafuatayo.

YALIYOTOKEA SOKONI

Katika mji mmoja wa soko katika eneo letu kuna kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Jina lao tunaliacha, wenyewe walituomba hivyo. Wanateremsha nyanya, kabichi na ndizi kutoka milimani na kuziuza chini, siku za soko na siku nyingine pia. Wana sanduku la akiba lenye kufuli tatu na funguo tatu, na walikuwa wakilisifu sana, kwa haki kabisa.

Ijumaa moja alasiri, makanga wa matatu alimwambia mmoja wao, "Mama, mmesikia? Kuanzia Jumatatu ushuru wa kreti unapanda mara mbili, na meza zote za karibu na steji zinaondolewa. Wanaoandikisha mapema ndio watapata nafasi kule ndani."

Mama akauliza, "Kijana wangu, anayeandikisha ni nani?"

"Kuna jamaa ana fomu. Ni shilingi mia tano tu. Nikupe namba yake?"

Habari ilifika kwa wenzake kabla jua halijatua. Mwenyekiti alikuwa amekwenda matangani Wundanyi na simu yake haikuwa na moto. Kesho yake asubuhi sanduku likafunguliwa, maana wenye funguo wawili walikuwepo na wa tatu alimpa mtoto wake ufunguo aulete. Akina mama kumi na wanne wakalipiwa mia tano mia tano kwa simu. Hiyo ni shilingi elfu saba. Jumatatu walifika na kreti zao. Meza zilikuwa pale pale, mtoza ushuru alidai pesa ile ile ya siku zote, na ile namba ya simu ilikuwa imezimwa.

Sasa ndugu zetu, elfu saba zinauma lakini zinarudi. Kilichouma zaidi ni maneno yaliyofuata. Wale wanane ambao hawakulipiwa walidai kwamba pesa zao zimetumika bila kikao. Mmoja alisema ati katibu na makanga ni ndugu, basi lazima waligawana. Katibu ni mke wa mtu na ana watoto shuleni. Neno kama hilo halifutiki kwa kuomba radhi sokoni. Aliacha kuja. Hadi tunapoandika somo hili bado hajarudi, ingawa tumeenda kwake mara tatu na yeye hutupikia chai vizuri na kuongea juu ya mambo mengine.

Na hapa kuna sehemu yetu ambayo hatuwezi kuificha. Ule uvumi haukuwa uongo mtupu. Ilikuwa kweli kwamba kulikuwa na mapendekezo ya ushuru mpya. Ilikuwa kweli kwamba kulikuwa na mpango wa kupanga meza upya. Hayo yote yalikuwa yameandikwa katika barua ya kualika vikundi kwenye kikao cha kutoa maoni, na nakala ya barua hiyo ilikuwa imeletwa katika ofisi yetu ya maendeleo. Tuliipokea, tukaigonga mhuri, tukaiweka katika faili, na ikakaa humo siku tisa. Tulikuwa na semina, halafu gari likaharibika, halafu tukasahau. Kama barua ile ingefika kwa akina mama, yule makanga angeambiwa, "Kijana wangu, hayo ni mapendekezo, kikao ni Alhamisi, nasi tunakwenda." Tuliwaambia hivyo waziwazi mbele ya kikundi chote. Hawakufurahi, na hatukutegemea wafurahi.

UVUMI HUPATAJE NGUVU?

Tuliketi nao nusu siku chini ya mwembe tukatafuta jibu pamoja, bila kutafuta mwenye kosa. Ilichukua muda kabla ya watu kuacha kutazamana vibaya. Haya ndiyo waliyoyaona wenyewe.

La kwanza, uvumi ulikuwa na kipande cha kweli. Wote walikuwa wameona watu wenye kamba na vitabu wakipima soko wiki ile. Kwa hivyo habari ya meza kuondolewa iliingia mahali palipokuwa pamelimwa tayari.

La pili, uliwaharakisha. "Kuanzia Jumatatu." "Wa mapema ndio watapata." Mama mmoja mzee alisema kitu ambacho tumekirudia katika vikundi vingi: alisema mtu akikuuzia mbuzi na kukukataza kumtazama meno, mbuzi huyo ana shida. Ofisi ya serikali haijawahi kutuharakisha hapa kwetu, akaongeza, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

La tatu, lilikuwa neno la hofu, na hofu haiulizi risiti. Anayesomesha watoto watatu kwa meza moja ya nyanya, ukimwambia meza inaondoka hatakaa chini kufikiri.

La nne, pesa ilikwenda kwa simu ya mtu binafsi. Hili tulilisisitiza sana na tunalirudia hapa. Ada yoyote ya haki ina risiti na ina ofisi. Kama kinachotolewa ni namba ya jamaa, simameni hapo hapo.

Kisha tukawauliza: nani alipaswa kuuliza maswali haya siku ile ya Ijumaa? Kimya. Kila kikundi kina mtu wa kushika pesa na mtu wa kushika kalamu, lakini hakikuwa na mtu wa kushika habari. Siku ile walimchagua mmoja, mama kijana aliyemaliza kidato cha nne, wakamwita mpasha habari. Kazi yake si kusambaza maneno. Kazi yake ni kwenda kuuliza mahali panapostahili na kuleta jibu, na hadi jibu lije sanduku halifunguliwi.

HABARI ZA KWELI ZINAKAA WAPI?

Wengi wetu tunafikiri mambo ya kaunti yanaamuliwa usiku na kutangazwa asubuhi. Si kweli, au tuseme sheria haikubali iwe hivyo. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imeweka tarehe. Mkulima akijua majira ya kupanda hashangazwi na mvua, na hizi tarehe ni majira vilevile. Mpasha habari wenu aziandike mahali zitakapoonekana.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Huo ndio wakati wa kusema tunataka choo cha soko au daraja la miguu, kwa sababu kisichokuwa katika mpango ni vigumu kukipata katika bajeti. Mwezi wa Februari, mwisho tarehe 28, unatoka waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti yenyewe yanafikishwa bungeni mwisho wa Aprili. Halafu kuna Mswada wa Fedha wa kaunti, na huu ndio unaotugusa watu wa soko, kwa sababu ndani yake mna ushuru wa kreti, ada ya meza, leseni ya kibanda, hata ada ya kuchinja mbuzi. Bunge la kaunti linatakiwa kuupitisha katika siku 90 baada ya kupitisha sheria ya matumizi ya fedha. Kwa hiyo mara nyingi ni kati ya Julai na Septemba. Mkisikia steji neno la ushuru mpya miezi hiyo, msilidharau na pia msiliamini. Nendeni mkaulize.

Matangazo ya vikao hubandikwa kwenye ofisi ya wadi, kwa chifu na kwa naibu wake, sokoni kwenyewe, na mara nyingine hutangazwa kanisani, msikitini na kwenye redio. Tatizo ni kwamba karatasi ya ubaoni husomwa na watu wawili, na mbuzi husoma iliyobaki. Mpasha habari apite kwenye ubao huo mara moja kwa wiki, siku ya soko, anaponunua chumvi. Si safari ya pekee. Pia amjue karani wa wadi kwa jina na amsalimie hata siku asipokuwa na shida. Hili halimo katika sheria yoyote lakini linafanya kazi.

OMBENI KWA MAANDISHI

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuzipata, na ina mambo ambayo watu wetu hawayajui kabisa.

Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lolote. Mtu asiyejua kuandika anaweza kwenda kusema kwa mdomo, na afisa anatakiwa kumwandikia. Sababu zako za kuomba haziwezi kutumiwa kukunyima. Kupeleka ombi hakuna malipo. Mnaweza kudaiwa gharama ya kutoa nakala tu, nayo iwe ya kiasi. Jibu linapaswa kuja upesi, na kwa vyovyote katika siku 21. Ikiwa jambo lenyewe linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Siku zinaweza kuongezwa mara moja, zisizozidi 14, ikiwa kinachoombwa ni kikubwa sana. Mkinyimwa, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman, katika siku 30. Tuseme pia kwamba ziko habari ambazo sheria inaruhusu zizuiwe, kama za usalama wa nchi au za maisha ya faragha ya mtu. Ushuru wa nyanya si mojawapo.

Barua ya kile kikundi ilikuwa fupi. Waliandika hivi, nasi tumeondoa majina:

"KUH: OMBI LA HABARI. Mimi ni raia wa Kenya na mwanachama wa kikundi cha akina mama wauza mboga. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya orodha ya ushuru unaotozwa katika soko letu mwaka huu. Nakala ya mapendekezo ya ushuru mpya, kama yapo. Na mchoro wa mpango wa meza. Naomba pia kujua tarehe ya kikao kingine cha maoni. Nitakuja kuchukua mwenyewe. Ahsante."

Jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Walipeleka nakala mbili, moja ikabaki ofisini na nyingine ikarudi na mhuri na tarehe. Msikubali kuondoka bila ule mhuri. Bila tarehe hamwezi kuhesabu siku. Jibu lilikuja siku ya kumi na saba.

Waliona nini? Waliona kwamba ushuru uliopendekezwa kwa kreti ulikuwa umepanda kwa shilingi kumi, si mara mbili. Waliona pia kwamba meza zao zilikuwa katika mchoro, ila zilisogezwa mbali na steji, mahali ambapo mteja wa matatu hafiki. Hili la pili ndilo lililokuwa tatizo la kweli, na hakuna uvumi uliowahi kulitaja. Walikwenda kwenye kikao kilichofuata na hesabu zao zimeandikwa: nauli ya kreti kutoka mlimani, ushuru, pesa ya mlinzi, pesa ya choo, na kinachobaki mwisho wa siku. Walimchagua msemaji mmoja na kukubaliana kwamba wengine hawatapiga kelele, jambo lililokuwa gumu kuliko hesabu zenyewe. Safu moja ya meza iliachwa karibu na steji. Shilingi kumi haikupunguzwa. Choo kilifunguliwa lakini bado kinalipiwa.

HABARI MBAYA ZINAZOTUFANYA TUKAE KIMYA

Kuna uvumi wa namna nyingine ambao hauharakishi mtu, unamkalisha. Katika kaunti yetu zaidi ya nusu ya ardhi iko ndani ya mbuga za Tsavo, kwa hivyo hakuna asiyejua habari za ndovu. Ndovu wakimaliza mahindi ya mtu, majirani humwambia, "Wacha tu mzee, hakuna anayelipwa, utajichosha." Naye anaacha. Ni kweli malipo huchelewa sana, na tumewaona wazee wakisubiri miaka, hatutawadanganya. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia: shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na mazao pia yana nafasi yake katika madai. Yule ambaye hakuandikisha tukio hana dai la kuchelewa wala la kuwahi. Ripotini siku ile ile, mwiteni afisa aje kuona nyayo kabla mvua haijazifuta, pigeni picha kwa simu, mshike nakala za fomu na cheti cha hospitali. Kikundi kimsaidie mwenye kupatwa, kwa sababu mtu aliyelala njaa hana nguvu za kufuata mafaili.

VIKUNDI VILIVYOJITANGAZIA

Baadhi yenu mtasema habari ni kazi ya watu wa redio. Basi mjue kwamba redio ya jamii ya kwanza katika Kenya ilifunguliwa Homa Bay 1982, na ilifungwa baada ya miaka miwili tu. Na si mbali na sisi, kule Nthongoni upande wa Mtito Andei, vikundi vya akina mama vilianzisha Redio Mang'elete, iliyoanza kusikika 2004. Walianza kama ninyi, kwa akiba na mambo ya maji na mashamba. Hatuwaambii mkanunue mitambo. Tunawaambia tu kwamba wale walioona haja ya kupashana habari zao wenyewe walikuwa wanakikundi wa kawaida.

KAZI YA KIKUNDI

Igizeni kisa cha makanga na mama wa nyanya. Mara ya kwanza kiigizwe kama kilivyotokea. Mara ya pili mama aulize maswali, na makanga ajitahidi kumshinda kwa maneno. Anayeigiza makanga awe mtu anayejua kusema, la sivyo igizo halitafundisha. Baada ya hapo zungumzeni:

Ni uvumi gani umewahi kupita katika kikundi chetu na kumwumiza mtu? Je, mtu huyo tulimrudia tukamwambia nini?

Ubao wa matangazo ulio karibu nasi uko wapi, na nani kati yetu aliusoma mwezi huu?

Sanduku letu linaweza kufunguliwa na watu wangapi bila kikao? Je, sheria ya kikundi inasemaje, na je, inafuatwa?

Nani atakuwa mpasha habari wetu, na tutamsaidiaje nauli?

Kwa upande wetu, barua yoyote ya kaunti inayofika ofisini sasa inaandikwa katika kitabu chenye jalada jekundu kilichoko juu ya meza ya mapokezi, siku ile ile, na mpasha habari wa kikundi chochote anaweza kukifungua na kukisoma bila kuomba ruhusa. Ofisi iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa na Jumamosi hadi saa sita mchana. Wale wa mbali mpeni katekista wa kigango chenu jina la mpasha habari wenu na namba yake ya simu, atuletee kabla ya mkutano wa viongozi wa vikundi. Mkipita mkakuta barua imelala zaidi ya siku moja bila kuandikwa, tuambieni.